Maswali na Majibu: Kisima Kisichochotwa Maji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu kazi ya mjiolojia anayefuatilia maji chini ya ardhi katika taasisi ya serikali, kazi ambayo mimi mwenyewe niliifanya kwa miaka mingi, bara na pwani, kabla ya kukabidhiwa safu hii. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Nimechagua tano, na baadhi nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo mzee. Nilihitimu shahada ya jiolojia jijini Dodoma mwaka juzi. Wenzangu wawili wako kwenye migodi ya dhahabu kule Geita, nami nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya Mjiolojia Daraja la II katika bodi ya maji ya bonde. Rafiki yangu ananiambia kwamba kazi yenyewe ni kuteremsha waya kisimani, kusoma namba na kurudi ofisini, na kwamba fundi sanifu anaitosha. Je, ni kweli? Jiolojia niliyoisomea itatumika wapi? — *Mhitimu, Singida*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hajasema uongo, ila amekusimulia dakika tano za kazi akaziacha zilizobaki.

Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na kila bonde lina bodi yake inayofanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Bodi ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji, ya mtoni na ya kisimani, na huwezi kugawa mali ambayo hujui ipo kiasi gani wala inapungua kwa kasi gani. Kwa hiyo kuna visima ambavyo havichotwi, vilivyoachwa kwa ajili ya kupimwa tu, na mjiolojia ndiye anayeulizwa namba za visima hivyo zina maana gani.

Sasa tuifuate hiyo waya. Ukifika kisimani unafungua kifuniko kwa tahadhari, kwa sababu nyuki hupenda sana bomba la chuma ambalo halikuguswa kwa miezi mitatu. Unateremsha dipa, yaani utepe wenye alama za sentimita na kihisio mwishoni, mpaka kihisio kiguse maji na king'ora kilie. Mgeni huandika namba papo hapo. Mzoefu huuinua utepe kidogo akaushusha tena, mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa matone yaliyonata kwenye ukuta wa bomba huweza kukilaghai kihisio kikalia kabla hakijafika kwenye maji yenyewe. Tuseme amepata mita 23.41. Swali linalofuata, ambalo rafiki yako hakuliuliza, ni mita 23.41 kutoka wapi. Zinapimwa kutoka kwenye alama moja iliyowekwa kwenye mdomo wa bomba, ambayo kimo chake kinajulikana, na alama hiyo ikihama, rekodi yote inahama nayo. Niliwahi kukuta kisima ambacho daftari lilionyesha maji yamepanda sentimita 38 katikati ya kiangazi. Tulibishana nusu siku kuhusu mvua za milimani na nyufa za miamba, hadi mlinzi wa shamba la jirani alipotueleza kwamba fundi aliyekarabati sakafu ya zege alilikata bomba kwa msumeno ili kifuniko kipya kikae vizuri. Mara nyingine visima vyote vya wilaya moja vilionekana kushuka mita moja kwa pamoja. Kumbe utepe uliharibika mwishoni, ukakatwa kipande cha mita moja, kihisio kikaungwa upya, na hakuna aliyeandika popote.

Siku hizi visima vingine vina kinasadata, kifaa kinachoning'inizwa ndani ya maji na kurekodi mgandamizo kila saa. Usidhani kwamba kimekuondolea kazi. Vifaa vya aina iliyozoeleka hupima uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake, na hewa ya nchi zetu za joto hupanda na kushuka mgandamizo mara mbili kwa siku, ikifika juu yapata saa nne asubuhi na kushuka yapata saa kumi jioni. Asiyeitoa hewa hiyo katika hesabu huona kisima kikipanda na kushuka sentimita chache kila siku kwa saa zile zile, na anaweza kuandika ripoti nzima ya kumtuhumu jirani mwenye pampu ambaye hana kosa lolote.

Jiolojia yenyewe inaingia pale unapotakiwa kueleza kwa nini. Sehemu kubwa ya nyanda za kati, Singida yako ikiwemo, imekaa juu ya mwamba wa matale, yaani graniti, na maji hukaa katika sehemu ya juu iliyooza pamoja na nyufa zilizo chini yake. Visima viwili vilivyo umbali wa mita 200 vinaweza kuishi maisha mawili tofauti, kimoja kikiitikia mvua ndani ya wiki na kingine kikikaa kimya misimu mitatu. Asiyesoma mwamba ataviandika wastani, na wastani huo hautakuwa na maana popote.

Mfano bora tulio nao ni Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, eneo la visima ambalo limekuwa chanzo kikuu cha maji ya jiji hilo. Kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walichapisha rekodi ya miaka 55 ya eneo hilo. Kilichoonekana si mstari unaopanda na kushuka kila masika. Maji hushuka polepole mwaka baada ya mwaka, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, mito ya msimu inafurika juu ya mchanga, na hazina inajazwa kwa mkupuo. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ndizo zilizojaza kupita zote katika rekodi hiyo. Aliyepima miaka mitano ya katikati peke yake angeapa kwamba chanzo kinakufa, na aliyefika mwaka 1998 angeapa kwamba hakina mwisho. Hakuna kati yao ambaye angekuwa amepima vibaya. Walichokosa ni miaka, na miaka hiyo ilipatikana kwa sababu mtu fulani alikwenda na utepe mwaka ambao hakuna aliyekuwa akiuliza chochote kuhusu maji.

Kuhusu mshahara sitakuzungusha: mgodi hulipa zaidi. Kama hilo ndilo linalokusukuma, nenda Geita kwa amani. Ukienda kwenye usaili, usikariri tu aina za miamba. Jifunze kusoma kumbukumbu ya uchimbaji wa kisima na kuchora mwamba ulivyo kwa kuitazama.

SWALI: Ndugu mtaalamu. Kijijini kwetu kuna kisima kirefu kilichochimbwa na mradi, kikafungwa kwa kifuniko cha chuma na kufuli. Kila baada ya miezi mitatu linakuja gari la serikali, vijana wanateremsha kamba, wanaandika, wanaondoka. Kina mama wanatembea kilometa tatu kufuata maji huku kisima kikiwa kimefungwa. Wananchi wananiuliza mimi, nami sina jibu. Kwa nini tusiwekewe pampu? — *Mwenyekiti wa kijiji, mkoa wa Dodoma*

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, malalamiko ya wananchi wako ni ya haki, na kosa la kwanza ni la sisi wapimaji, tunaokuja na kuondoka bila kueleza.

Kisima kinachovutwa kwa pampu hakiwezi kusema hali ya maji ya eneo. Pampu inapofanya kazi, maji yanayokizunguka hushuka na kuwa kama faneli, na baada ya kuizima yanarudi taratibu, pengine kwa saa kadhaa, pengine kwa siku. Ukipima hapo unaisoma pampu tu, na hali ya tabaka lenye maji inabaki haijulikani. Ndiyo maana kisima kimoja huachwa kipumzike ili kiseme kwa niaba ya vingine. Aghalabu huchaguliwa kile ambacho kilipojaribiwa kilitoa maji machache mno kuhudumia kijiji, ingawa pia nimewahi kuona kisima kizuri kikifungwa kwa sababu tu ndicho kilichokuwa karibu na barabara. Una haki ya kuuliza chenu ni cha aina gani: omba bodi ya bonde ikupatie matokeo ya jaribio la kuvuta maji lililofanywa kilipochimbwa. Ikiwa kilitoa maji ya kutosha, hoja yako ya kuomba kingine kichimbwe kwa ajili ya kupimwa na hiki kiwekewe pampu ni hoja nzuri, nami ningeiunga mkono.

Hata hivyo, nakuomba usikiruhusu kivunjwe kufuli kabla ya hapo. Mkoani kwenu mashamba ya zabibu yanazidi kutegemea visima. Siku mwekezaji akiomba kibali cha kuvuta maji mengi jirani na kijiji, bodi itapaswa kujiuliza watumiaji waliopo wataathirika vipi, na kisima hicho kilichofungwa ndicho kitakachokuwa shahidi wenu. Kikiwa na rekodi ya miaka kumi iliyotangulia pampu za mwekezaji, mnaweza kuonyesha kwamba maji yalianza kushuka lini. Bila rekodi mtabaki na maneno, na maneno ya kijiji mbele ya ripoti iliyojalidiwa hayafiki mbali.

Gari likija tena, wadai vijana hao mambo mawili: wapite kwa mtendaji wasaini kitabu cha wageni, na namba waliyoipata waisome kwa sauti mbele ya watu, pamoja na ile ya mara iliyopita. Katika miaka yangu ya mwanzo sikuwa nikifanya hivyo. Nilikuja kuanza baada ya bibi mmoja kuniuliza kama nilikuwa navua samaki.

Suala la kilometa tatu ni jambo jingine na lina ofisi nyingine. Huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Mwandikie meneja wa RUWASA wa wilaya yako barua ya peke yake, usiichanganye na hii ya kisima, vinginevyo kila ofisi itasubiri nyingine ijibu.

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anapenda kazi hii, lakini hatuna uwezo wa kumsubiri hadi chuo kikuu. Kuna njia nyingine? Na je, msichana atalala porini? — *Mama wa binti, Tanga*

JIBU: Njia ipo, dada yangu. Chuo cha Maji kilichoko Ubungo, Dar es Salaam, hufundisha stashahada ya maji chini ya ardhi na uchimbaji wa visima, na wahitimu wake huajiriwa kama mafundi sanifu. Fizikia, kemia na hisabati ndizo zitakazoangaliwa kwenye cheti chake. Porini halali mtu. Hulala gesti za wilayani, na safari moja huchukua wiki moja au mbili. Mafundi sanifu wawili hodari kuliko wote niliofanya nao kazi walikuwa wanawake, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusikiliza king'ora cha dipa mara tatu.

SWALI: Kaka, nina kisima Kigamboni, si mbali na bahari, kina urefu wa mita 45. Miaka minne ya kwanza maji yalikuwa matamu, sasa chai haiteremki kooni. Mchimbaji anasema tushuke hadi mita 80 tutakuta maji baridi. Nimeuza kiwanja kingine ili nimlipe. Je, serikali haina wajiolojia wa kunishauri kabla sijatoa fedha? — *Mwenye kisima, Kigamboni*

JIBU: Usitoe fedha hizo wiki hii.

Maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo katika ardhi ya pwani huelea juu yake. Uhusiano huo ulielezwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 na Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze sasa hesabu hiyo. Wewe na majirani zako mkiyashusha maji kwa mita moja tu na kuyaweka hapo muda mrefu, maji ya chumvi yanaweza kupanda kuelekea kwenu hadi mita 40. Katika tabaka lile lile, kwenda chini ni kuyafuata maji ya chumvi yaliko.

Mchimbaji wako atakujibu kwamba Kimbiji na Mpera kuna visima vya serikali vyenye kina cha mamia ya mita na maji yake ni matamu. Ni kweli. Vile vinachota katika tabaka jingine la chini kabisa, na kati yake na maji ya juu kuna udongo wa mfinyanzi unaotenganisha. Ukimruhusu mtu atoboe mfinyanzi bila kuziba kwa saruji nafasi iliyo kati ya bomba na udongo, chumvi ya juu itateremka kupitia shimo lako mwenyewe, na utakuwa umejiharibia wewe na wote watakaochimba baada yako. Muulize mchimbaji mfinyanzi uko mita ya ngapi na ataziba kwa kitu gani. Akikujibu kwa kucheka, mwage.

Jijini kwetu jambo hili lina historia. Ukame wa mwaka 1997 ulipolifikisha jiji pabaya, visima vingi vilichimbwa kwa haraka, na watu binafsi wakaendelea na mtindo huo kwa miaka iliyofuata. Wengi hawakuomba kibali, hivyo hakuna anayejua viko wapi wala vinavuta kiasi gani. Mjiolojia wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu anaweza kukushauri kuhusu eneo lako ikiwa kuna kisima cha ufuatiliaji jirani na kama wachimbaji wa mtaa wako waliwasilisha taarifa zao za uchimbaji, jambo ambalo sheria inawataka walifanye. Nenda na kumbukumbu ya kisima chako. Kama huna, anza kwa kununua kipimo kidogo cha mkononi cha upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Maji mazuri ya kisima husoma mamia ya maikrosimensi kwa sentimita, na ya bahari hukaribia 50,000. Pima kila Jumamosi pampu ikiwa imefanya kazi kwa muda ule ule, uandike, na upunguze kuvuta mfululizo. Vuta kidogo kidogo kwa nyakati mbili za siku. Namba ikipungua baada ya miezi miwili, umepata ushauri wa bei nafuu kuliko wa mchimbaji.

SWALI: Shikamoo. Nina mwaka mmoja kazini, ofisi siitaji. Nilipokuwa naingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta niligundua kwamba vipimo vya miaka miwili vya visima kadhaa vimepikwa. Aliyevipika ameshahama. Nikae kimya, nivifute, au nivirekebishe kwa makadirio ili grafu iwe nzuri? Na mimi mwenyewe masurufu ya safari yakichelewa nifanyeje, maana ripoti ya robo mwaka haisubiri? — *Kijana kazini*

JIBU: Marahaba, kijana. Barua yako ndiyo iliyonifanya niombe kurasa zaidi kwa mhariri.

Kwanza hakikisha. Vipimo vilivyopikwa vina tabia zake: namba zote huishia na .00 au .50, kana kwamba maji hupenda nusu mita. Tofauti kati ya ziara moja na nyingine ni ile ile. Na tarehe zinaangukia sikukuu au wiki ambazo barabara ilikatika kwa mvua. Fungua jalada la magari masijala ulinganishe. Kama gari halikutoka uani siku ile, basi kisima hakikupimwa. Lakini usimhukumu mtu kwa grafu iliyonyooka peke yake, kwa maana viko visima vinavyonyooka kweli.

Usivifute, wala usivirekebishe. Ukivifuta, atakayekuja baadaye hatajua kwamba kulikuwa na tatizo, na ukiviweka makadirio yako utakuwa umepika mara ya pili kwa ufundi zaidi. Viache vilivyo, ongeza safu nyingine kwenye jedwali inayosema kwamba vipimo hivi vina shaka na kwa sababu gani, kisha mwandikie mkuu wako dokezo fupi lisilotaja tabia ya mtu, linalotaja visima, tarehe na ushahidi.

Nasema hivi nikijua jinsi watu wema wanavyofika huko. Chukua suala la sampuli. Kisima chenye bomba la sentimita 15 na mita 40 za maji ndani yake kina lita 700 hivi zilizokaa tuli, na utaratibu uliozoeleka unakutaka utoe mara tatu ya kiasi hicho, zaidi ya lita 2,100, kabla ya kujaza chupa ya maabara. Hiyo ni saa nzima au zaidi ya jenereta, jua la mchana, na dizeli iliyotolewa pungufu. Fundi mwenye visima vitatu mbele yake na mafuta ya kimoja atachota ndoo ya kwanza. Haoni kwamba amedanganya, kwa kuwa maji ni ya kisima kile kile. Wakati huo maabara inapima maji yaliyolala na kutu ya bomba, na kama ni upande wa Arusha, ambako miamba ya volkano huyapa maji floraidi, kijiji kinaweza kuambiwa kiko chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ilhali meno ya watoto yanasema vingine. Mimi nilichota ndoo ya kwanza mara moja, na sampuli ile bado imo katika kumbukumbu ikiwa na namba yangu.

Kuhusu masurufu: yakichelewa, hiyo si aibu yako. Rekodi yenye pengo bado ni rekodi. Mchambuzi wa kesho anajua jinsi ya kuliruka pengo, lakini hana njia ya kuliruka asilojua kuwa lipo. Mkuu wako huenda asilipende jedwali lenye nafasi tupu, na huenda akakurudishia ripoti mara moja au mbili. Irudishe kwake ilivyo. Kwenye daftari andika tarehe uliyopaswa kwenda, andika «haikupimwa, gari halikuwa na mafuta», weka saini yako kwa kalamu ya wino, na nafasi ya namba uiache wazi.